Sauti ya Mshenga

Siku hiyo binti mmoja, fundi cherehani, alifunga kibanda mapema. Kwenye ukumbi wa shule wangeonyesha ile filamu ya zamani ya kuchekesha iliyopigwa kijijini kwao, na aliyeigiza mshenga alikuwa mama yake mzazi. Mama huyo alifariki siku aliyomzaa. Picha zake binti alikuwa nazo. Sauti hakuwahi kuisikia.

Baba yake, seremala aliyeitwa Randa kwa kupenda kulainisha mambo, miaka yote alikataa kuitazama. Safari hii binti alimbembeleza mpaka akakubali.

Taa zikazimwa. Mama akatokea, kuku kwapani, anabisha hodi kwa mkulima mwenye mabinti watatu wasioolewa.

"Kijana nimempata. Ana ng'ombe wawili. Mmoja amekufa, lakini hajafa sana."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mkulima akamtimua, kuku akamponyoka, mara huyo karudi kwa mlango wa nyuma na mchumba mwingine, kiziwi. Watu wakashika mbavu. Binti alikuwa amefumba macho, anasikiliza tu.

Ilipokwisha akamshika baba mkono. "Baba, kumbe alikuwa na sauti nyembamba hivyo! Ngoja niwaombe wairudishe ile ya ng'ombe, niirekodi kwenye simu."

"Kaa kwanza, mwanangu."

"Kuna nini?"

"Ile si sauti yake. Sauti zilitiwa baadaye, mjini. Mama yako hakuweza kusafiri, wakamweka mwanamke mwingine. Nilitaka kukuambia nikashindwa. Ulikuwa na furaha mno."

"Kwa nini hakuweza kusafiri?"

Mzee akainamisha kichwa. Binti akaelewa mwenyewe: mama alikuwa na mimba yake.

"Mama yako alikuwa kiboko!" jirani mmoja alimwambia akipita, bado anajifuta machozi ya kicheko.

"Ahsante, shangazi."

Kisha akamgeukia baba. "Yake ilikuwaje?"

Mzee akakohoa. "Kijana nimempata," alisema kwa sauti nzito. Akaacha. Akajaribu tena, chini zaidi. Akatikisa kichwa.

"Nilikuwa nayo, mwanangu. Mpaka asubuhi hii nilikuwa nayo. Sasa nikimwita mama yako moyoni, anayeitika ni yule mwanamke."

Binti akamlalia begani. Mfagiaji alianza kupandanisha viti, akawaona, akaanzia upande wa pili.