Kachori na Wimbo wa Sita

Nilimkuta shangazi yangu Mwanaheri uwani, kakaa mkekani, anashindilia karatasi kwenye vitundu vya kanda yangu ya muziki. Kanda zinazouzwa na nyimbo tayari zina vitundu viwili mgongoni. Ukiviziba kwa karatasi, redio inakubali kurekodi juu yake, na kilichokuwamo ndiyo basi tena.

"Shangazi! Hiyo kanda yangu!"

"Najua. Jumamosi Mauwa anaolewa, nataka kurekodi nyimbo za kina mama. Humu mna nini? Mapaka yanapigana."

Mapaka! Wale ni vijana watatu wa Marekani, magitaa na ngoma, wanaimba mbiombio utadhani wameacha chungu motoni, wanalalamika na huku wanafurahi. Kaka yangu Talha, baharia, ndiye aliyeniletea, mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi. Siku zote za likizo yake tuliiweka tukaruka chumbani mpaka chaga ya kitanda ikavunjika, kisha akarudi melini kwa miaka miwili. Barua hakuwa anaandika. Nilichobaki nacho cha kaka yangu ni kanda hiyo, na nilikuwa naipenda kufa, ingawa Kiingereza chao nilikuwa siambulii kitu.

Ningeweza kulia. Nikapandisha hasira badala yake, maana mie ndivyo nilivyo. "Hujaisikiliza hata siku moja! Bagia ya mtu ungeihukumu kwa kupita tu mlangoni?"

Hapo nilimpata. Mtaa wetu mzima wa Mtoni hakuna harusi iliyotoa vitafunio kabla Shangazi hajaonja. Alikuwa anafumba macho, anatafuna, kisha anatoa hukumu: "Chumvi." Au, "Mafuta ya jana." Na mara chache sana: "Lete tena." Ukiambiwa lete tena na Mwanaheri, wiki nzima unatembea kifua mbele.

"Basi nitakuonjesha," nikasema. "Kila wimbo na kitafunio chake. Ukiuambia wimbo lete tena, hata mmoja tu, kanda inabaki yangu."

"Vya moto?"

"Vya moto."

"Haya. Lakini nisiposema, Jumamosi naijaza vigelegele."

Kesho yake baada ya alasiri nikaweka redio kaseti kwenye kigoda, waya nikaupitisha dirishani. Nilikuwa sijalala kwa kupanga. Wimbo wa kwanza nikampa mihogo ya kukaanga ile mikavu, kusudi meno yake yaende na ngoma. Yalikwenda, wallahi! Akafumbua macho. "Muhogo mzuri."

"Na wimbo?"

"Wimbo gani?"

Yarabi nipe subira. Wa pili nikamletea embe bichi na pilipili, kwa sababu mwimbaji analia humo mpaka sauti inakatika.

"Huyu kijana ana nini?"

"Kaachwa."

"Kwa sauti hiyo? Ana haki ya kuachwa."

Wa tatu nilichemsha mwenyewe. Nilimpa kashata, wimbo wenyewe hata dakika mbili haufiki. Ulikuja ukaisha, Shangazi bado anahangaika na kipande cha kwanza. Wa nne, bagia za dengu. Akatafuna, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Lete tena." Niliruka mpaka kanga ikanidondoka! Akaninyooshea kidole. "Bagia, Najma. Bagia." Wa tano, visheti, nilimwona kwa macho yangu anatingisha dole gumba la mguu. Nilipomwambia, akajipiga kofi mguuni. "Mbu," akasema.

Ukabaki wa sita, wa mwisho upande ule. Unaanza na gitaa moja polepole, kimyakimya, halafu unalipuka, halafu wote watatu wanapiga "oo-oo-oo" ambayo mie ilikuwa inanitoa machozi. Nikampa kachori. Nje imetulia, ndani tangawizi na pilipili. Nikapiga hesabu ang'ate pale pale wimbo unapolipuka, nikabonyeza, nikakimbilia jikoni kwa sababu nyingine zilikuwa zinaungua.

Nikiwa jikoni nikausikia mlipuko. Nikaisikia oo-oo. Mara, kimya.

Nikaziopoa kwanza kachori, mafuta yanachacharika masikioni, ndipo nikatoka mbio na kijiko cha mafuta mkononi. Shangazi kakaa, mikono mapajani, kama mtoto mbele ya ustadhi.

"Umeme," akasema.

Kwa mgao wa siku zile nani angebisha? Ila redio ya jirani, inayotumia umeme kama yetu, ilikuwa inaendelea kusoma matangazo ya vifo.

"Labda umekatika upande huu tu," akasema, anafuta midomo.

Nikarudisha kanda nyuma kidogo, nikabonyeza. Gitaa. Mlipuko. Oo-oo. Halafu kitufe, kacha! Kimya, na ndani ya kimya sauti ya mtu mwenye kachori mdomoni:

"Si ndivyo alivyonifundisha? Hivi viwili pamoja... Rudi basi. Hapo pa oo-oo. Lete tena, baba, lete tena, yule kichaa hajarudi." Kisha akaimba mwenyewe, oo-oo-ooo, kwa sauti ya kasida, mpaka akashtuka: "Mama yangu, anakuja!" Kacha! Wimbo ukaendelea.

Zamani nilimfundisha vitufe viwili tu, vya kurekodi, naye kavibonyeza akidhani vinarudisha nyuma. Na karatasi alikuwa kaiweka mwenyewe.

Nilianguka mkekani kwa kicheko. "Siyo mimi huyo," akasema Shangazi, kakaza uso.

"Ni nani?"

"Mmoja wa hao wazungu."

Hapo akashindwa naye, akacheka mpaka ushungi ukamvuka. Alipotulia akasema, "Lakini nimekuharibia wimbo wa kaka yako." Ni kweli, na iliniuma. Akachomoa pini ya ushungi, akatoa karatasi kwenye vitundu vyote viwili, akazitupa jikoni motoni. "Humu harekodi mtu tena. Ya Mauwa nitaitia kwenye ile kanda ya marehemu mume wangu ya kujifunza Kijerumani. Miaka kumi, hata salamu hakujua."

Talha aliporudi tuliiweka, tukaruka tena. Wimbo wa sita ulipofika penyewe, akasimama katikati ya chumba, jasho linamtoka, anasikiliza.

"Najma, huyu wa nne ni nani?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka uwani: "Mzungu!"