Onyesha Wembe Kwanza

Mama mkwe wangu, Wilkister, alikuwa mwanamke aliyeokoka, nami nilikuwa mwanamke wa hasira za karibu, kwa hiyo nyumba yetu ya Busia haikukosa kelele. Lakini mwaka ule wa 1967 tuligombana kwa jambo lenye uzito. Kifaduro kilikuwa kimeingia Nagongera, ng'ambo ya mpaka, na wachuuzi waliotoka huko walisema watoto wanakohoa mpaka midomo inageuka rangi, na wengine pumzi hairudi. Tom wangu alikuwa na miezi minne. Nilikuwa naogopa hata akipiga chafya.

Siku ya soko, Okumu, karani wa chifu, alipanda juu ya kreti ya soda akapaza sauti: "Akina mama! Jumatatu leteni watoto kwa zahanati! Watachanjwa wasipate kifaduro. Ni bure!"

Nilimshukuru Mungu pale pale. Mama Wilkister, aliyekuwa kando yangu akichagua omena, dagaa wa ziwani, aliacha kuchagua.

"Mtoto ya nyumba yangu hachanjwi," alisema. "Sisi tumeokoka. Mambo ya chale tuliachia waganga."

"Mama, hii ni dawa ya hospitali."

"Okumu amesema kuchanja. Mimi nina masikio."

Kwetu mtu alichanja kuni, au mganga alichanja ngozi ya mtoto kwa wembe akasugua dawa kwenye damu. Maana ya tatu hakuijua, na kusema kweli hata mimi nilikuwa naikisia tu.

Siku mbili hatukusemezana. Mume wangu, Oguttu, alikuwa kazini Malaba, na hata angekuwepo asingethubutu kumpinga mama yake. Ukali wa Oguttu ulikuwa kwangu tu.

Jumatatu nilingoja mama mkwe aende kisimani, nikamfunga Tom mgongoni, nikatoka. Kumchukua mtoto kwa siri baada ya mama mkwe kukataa ni kumtusi mbele ya ulimwengu. Nilijua hivyo, na bado nilikwenda.

Zamu yangu kwenye foleni ya zahanati ilikuwa imekaribia niliposikia nyuma yangu: "Norah! Simama hapo!"

Alikuja miguu mitupu, kitambaa cha kichwa kimeteleza, anahema. Nilimkumbatia Tom kwa mikono yote miwili. "Simtoi, mama," nilisema. Sikuwahi kumwambia neno kama hilo.

Hakunigusa. Alimgeukia muuguzi, Sista Truphena, akanyoosha mkono.

"Onyesha wembe kwanza."

"Wembe gani, mama?"

"Ile ya kuchanja. Nataka kuona kama iko na kutu. Ile ya mtoto yangu ya kwanza, Cornelius, ilikuwa na kutu. Mganga alimchanja kifua juu ya kikohozi hii hii. Siku ya tisa mwili ikakauka kama mti, mdomo ikafunga, hawezi kunyonya. Nikazika. Hiyo wakati mimi sikuuliza kitu."

Nilikuwa nimekaa naye miaka sita na sijawahi kulisikia jina la Cornelius. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi siku zote nilidhani ni ukaidi wa dini. Niliona haya sana.

Sista Truphena hakumkaripia. Alimwongoza hadi kwenye jiko, akafunua sufuria iliyokuwa inachemka. "Hakuna wembe, mama, hakuna kukata. Ni sindano hizi, tumezichemsha. Na ule ugonjwa uliomkausha Cornelius unaitwa pepopunda. Kinga yake imo humu humu, pamoja na ya kifaduro."

Mama aliinama akatazama ndani ya sufuria. "Sindano! Sasa kwa nini Okumu anasema kuchanja?"

"Ndicho Kiswahili cha serikali, mama."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Ya Cornelius iko ndani?"

"Imo."

"Lete mtoto, Norah. Nitashika mimi."

Alimshika Tom mapajani huku muuguzi akimdunga. Mtoto alilia kidogo. Bibi yake alilia kuliko yeye.

Jioni ile alipita mlango kwa mlango akisema, "Si wembe! Ni sindano!" na kesho yake alirudi zahanati na watoto kumi na wawili wa watu. Kwa sindano ya pili na ya tatu alimpeleka Tom yeye mwenyewe, mimi sikuulizwa.

Kifaduro kilifika Busia wakati wa mvua. Tulisikia kile kikohozi kwa majirani waliokataa, na nyumba mbili zilizika. Tom alitambaa uani akila udongo, nami nikimgombeza kwa furaha.

Siku moja nilimwendea mama, nikapiga magoti kama desturi yetu, nikamshukuru kwa kuuliza kwake, maana kuuliza si ujinga.

"Inuka," alisema. "Mimi pia nilikuwa na mama mkwe. Alisema peleka Cornelius kwa mganga. Moyo yangu ilikataa, lakini nikatii." Akashika ukuta, akashusha magoti yake mabovu, moja kisha la pili, mpaka akawa chini mbele yangu. "Wewe hukutii. Asante, mwanangu."