Komeo la Ndani

Nilitoka bafuni na povu kichwani, nikakuta bweni zima limehama. Korido ilikuwa tupu. Ndala moja ya mtu imebaki katikati, bomba la sinki linamwaga maji, milango ya vyumba iko wazi. Kutoka chumba cha mwisho moshi ulikuwa unatambaa darini kuja upande wangu. Mimi ni kiziwi tangu homa iliyonipata darasa la tatu. Kengele ya hatari hata ilie mpaka ikatike, kwangu ni kimya kilekile cha kila siku.

Nilishuka ngazi mbio, nimeshikilia taulo mwilini kwa mkono mmoja, mwingine ukutani. Nje wasichana wote walikuwa wamesimama uwanjani wakitazama juu. Chiriku, mwenzangu wa chumba, alikuwa na walinzi, analia. Tunamwita Chiriku kwa sababu haachi kuongea, hata na mimi, ambaye lazima nimtazame mtu midomo ndipo nipate neno. Aliponiona alinikimbilia. Nikageuza uso. Nikikasirika huwa simtazami mtu, na nisipomtazama hana njia ya kuniambia kitu. Ndiyo silaha yangu pekee na naitumia vizuri. Alikuwa amekimbia akaniacha niungue. Sasa anieleze nini?

Moto wenyewe ulikuwa mdogo, wa jiko la umeme la mtu aliyekuwa anapika chumbani kwa siri. Walinzi waliuzima kwa ndoo za mchanga na watu wakarudi ndani wakitaniana. Mimi sikuwa na utani. Tangu siku hiyo nikawa naoga mbiombio, mlango wazi, huku nanusa hewa kama paka jikoni. Darasani nikawa nasinzia, kwa sababu kitandani macho hayafumbiki.

Nikaenda kwa Mama Bweni. Ndivyo tunavyomwita msimamizi wetu, mama mmoja mwenye moyo mzuri sana, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

"Mama, naomba vitu viwili," nilimwambia. "Taa ya kuwakawaka iunganishwe na kengele. Na mtu wa kukaa naye chumba kimoja, asiwe Chiriku."

"Pole sana, mwanangu," alisema, akipanua mdomo kama anayetafuna muwa, maana anaamini hivyo ndivyo kiziwi anavyosemeshwa. "Mimi nitakupa kizuri zaidi. Chumba cha peke yako, huku chini, jirani na ofisi yangu. Ukae kwa raha zako, usisumbuliwe na mtu."

Chumba cha peke yako! Wasichana wa mwaka wa mwisho wanakililia hicho chumba. Nilipewa ufunguo, na nikashukuru, kwa sababu nimelelewa kushukuru.

Kilikuwa na kitanda kimoja, meza, dirisha lenye nondo, na mlango mzito wa mbao wenye komeo kwa ndani. Nilikaa kitandani nikaliangalia lile komeo. Nikilifunga na moto ukaja, hakuna wa kunitoa. Nisipolifunga, yeyote anaweza kuingia akasimama nyuma yangu, na mimi niko zangu na kitabu. Nilisogeza kitanda ili nitazamane na mlango. Bado niliogopa. Niliogopa hata kuinama kufunga kamba za viatu.

Nikarudi ofisini. "Mama, nirudishie mtu."

"Sasa unaogopa nini? Kukiwa na hatari nitakugongea mimi mwenyewe."

"Sitasikia, Mama."

"Nitagonga kwa nguvu."

Sikujua nicheke au nilie. "Basi twende ukagonge," nikamwambia. "Mimi nalala nimeelekea ukutani, nimefumba macho. Nikijua unagonga, nitakufungulia."

Alikubali, tena kwa tabasamu. Niliingia, nikafunga komeo, nikalala.

Nilijua yuko nje. Nilijua ni mchana kweupe na jambo lenyewe nimelitaka mwenyewe. Lakini dakika zikapita, ukuta uleule wa saruji, sakafu ileile, hakuna kilichotikisika. Je, ameanza? Au ameitwa kwenye simu akaenda zake? Na kama muda huuhuu kuna mtu amewasha jiko juu na wote wako uwanjani? Nikasikia harufu ya moshi. Sijui kama ilikuwepo. Nikaruka nikalishika komeo na vidole vikateleza mara mbili kabla halijafunguka.

Korido ilikuwa imejaa watu. Mama Bweni alikuwa na kiatu mkononi, kilemba kimeanguka, uso umelowa machozi. Nyuma yake mlinzi ameshika nondo tayari kuvunja. Na chini, amepiga magoti, alikuwepo Chiriku. Alikuwa akiupiga mlango kwa ngumi zote mbili, na ulipofunguka nusura aniangukie.

"Nimegonga, nimeita, nimegonga!" Safari hii Mama Bweni hakupanua mdomo. "Nilidhani umezimia humo!"

"Mimi nilidhani umeondoka."

"Tulikuwa hapahapa, mwanangu. Sote."

Chiriku aliinuka akaninyooshea mikono. Vifundo vya vidole vilikuwa vyekundu, lakini kidole kidogo cha kulia kilikuwa kimevimba na kugeuka rangi, na uvimbe ule haukuwa wa leo. Nikamtazama mdomo, mara ya kwanza tangu moto.

"Hiki ni cha mlango wa bafu," alisema. "Niligonga hivihivi siku ile, na ninajua husikii, nikagonga tu. Wenzangu wakanivuta mpaka chini. Nilikuwa nawaambia walinzi umo ndani, ndipo ukatokea."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenitazama saa ngapi?"

Mama Bweni alikuwa ameshamtuma mlinzi akalete kitanda cha pili, na anampigia fundi umeme simu kuhusu taa. Mimi nilikuwa nimekishika kidole cha Chiriku bila kujua.

"Haya, sema," nikamwambia. "Nakutazama."

Na Chiriku, mdomo wazi, akakosa neno.