Siku Tisa Ambazo Hakupima

Mtaa mzima ulimwita Kipimo. Kila asubuhi, kuwe na mvua au jua, binti huyo alishuka gatini na ndoo na kipimajoto, akapima joto la maji ya bahari, akaandika. Miaka mitatu! Wenzake wa rika lile mpaka wabembelezwe ndipo watoke kitandani.

Sasa alikuwa mbele ya jopo la ufadhili wa masomo ya sayansi ya bahari. Shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea, alikaa kwenye benchi nje ya mlango ulioachwa wazi, roho mkononi. Daftari lilikuwa na siku tisa tupu, siku ambazo shangazi alilazwa hospitali na binti hakubanduka ubavuni pake. Yaani ugonjwa wangu ndio umkoseshe chuo? Basi jana, Kipimo akiwa anaoga, shangazi alichukua kalamu akazijaza zote.

Sasa akasikia kurasa zikifunuliwa ndani.

"Samahani, mama mwenyekiti," Kipimo alisema. "Namba hizi tisa si zangu. Siku hizo sikupima."

"Mbona zinaendana na nyingine?" aliuliza mwenyekiti, mtafiti wa bahari mwenye miwani minene. "Mimi nisingegundua."

"Ndiyo maana nasema. Mtu atazitumia akidhani ni za kweli."

"Nani kaandika?"

Shangazi akajikuta ameshaingia, hata hodi hakupiga.

"Ni mimi. Mtoto hana kosa, nilaumuni mimi."

Mwenyekiti alimpa Kipimo kalamu nyekundu. Binti akazikata namba zile moja baada ya nyingine, na pembeni ya kila moja akaandika: sikupima. Shangazi aliona haya, lakini alimwonea fahari mtoto yule.

"Nimesoma madaftari kumi na mawili wiki hii," mwenyekiti alisema. "Yote yamejaa pomoni. Inaelekea wenzako hawaugui wala hawauguzi." Akafunga daftari. "Nafasi ni moja, na ni yako. Jumatatu uje na vyeti."

Walipotoka, shangazi alimshika mkono. "Nisamehe, mwanangu."

"Yameisha, Shangazi. Ila ile ya siku ya tano ulichemsha. Kulinyesha tangu alfajiri, maji yasingekuwa na joto lile."

"Wewe umejuaje, na ulikuwa hospitali?"

"Nilikuwa dirishani, nasubiri uamke."