Mke wa Nahodha

Mwalimu Jabiri wa Kisarawe alisomesha fizikia, na kwa miaka mingi aliandika gazetini hadithi za vyombo vya angani. Toleo la Jumapili liligombaniwa kwa ajili yake. Msomaji wake wa kwanza alikuwa mkewe, Biasha. Alizipenda roketi, ila alilalamika kwamba watu waliomo hawaumwi wala hawakumbuki kwao. Jabiri alimjibu kuwa msomaji ananunua gazeti asisimke.

Biasha alifariki mwaka jana, mwezi wa Shaaban. Baada ya arobaini, mchapishaji mmoja wa Dar akaomba kuzitoa hadithi zile kitabuni. Jabiri akaenda Misugusugu kwa binti yake, Sada, amsaidie kuzichapa. Siku ya tano Sada alifika kwenye hadithi ya nahodha anayemuaga mkewe ili aende Mirihi kwa miaka tisa. Akaacha kuchapa.

"Baba, huyu mama hana jina. Anasema 'safari njema' tu, basi."

Jabiri akaomba daftari. Alitaka kumpa mwanamke yule woga wa Biasha, na namna yake ya kukasirika. Alikaa barazani tangu adhuhuri mpaka adhana ya alasiri, akapata mistari miwili. Akaingia ndani.

"Mama yako aliogopa nini?"

Sada alimtazama kwanza. Kisha akamweleza kwamba mama aliogopa mto, tangu kaka yake aliposombwa na maji ya Ruvu wakiwa wadogo. Ndiyo maana kila walipovuka daraja kwenda kwao alifumba macho.

Jabiri alikuwa amevuka naye daraja lile miaka arobaini na mmoja.

"Nilidhani anasinzia," alisema. "Sikuwahi kumwuliza."

Aliandika kurasa tatu, Sada akimsimulia. Mhariri wa kitabu alizirudisha, akaeleza kwa heshima kwamba zinaichelewesha roketi kuruka. Jabiri akampigia simu, akamwambia achukue hadithi nyingine zote, hiyo aiache.

Akarudi Kisarawe na kurasa zile tatu. Mwanaamina, mdogo wake Biasha, alipokuja kumjulia hali, akampa azisome. Alisoma hadi mwisho, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Ni yeye, shemeji. Lakini mbona hachekeshi? Dada alikuwa anatuvunja mbavu."

Hilo nalo Jabiri hakulijua. Akamsogezea kiti, akachukua kalamu, akamwomba aanze popote.