Mchanga Ndani ya Usukani

Vyombo vilianza kulia juu ya kichanja kabla pikipiki haijaonekana. Kwanza vijiko ndani ya sufuria, kisha vifuniko, kisha sahani za bati zilizolazwa zikauke. Devota alinyanyuka taratibu, mkono kiunoni, akaishusha chupa ya chai na kuilaza chini, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikivunjika. Ujauzito wake ulikuwa umeingia mwezi wa nane. Baada ya hapo vumbi likaonekana upande wa Haneti, na ndani ya vumbi alikuwamo Yotham, mumewe, dereva wa bodaboda wa kijiji cha Chisegu.

Yotham alizima injini. Vyombo viliendelea kulia mpaka alipoitumbukiza mikono yake ndani ya ndoo. Maji yakafanya mawimbi madogo, yakatulia, naye akaweza kula.

Ndivyo ilivyokuwa tangu kiangazi kuanza. Barabara ya Haneti ilikuwa imejikunja kama paji la uso la mtu anayesikiliza habari mbaya. Kila kunjo lilipanda tairini, likapita kwenye usukani, likaingia viganjani mwake na kukaa humo. Akimshika mbuzi, mbuzi alitetemeka mpaka jioni. Akimpa mtu mkono kanisani, mtu huyo alirudi kwenye benchi meno yakigongana, akaendelea na wimbo. Hakuna aliyelalamika. Walimwomba tu awe ananawa kwanza.

Kijiji kilikuwa na zahanati. Ilikuwa na kuta nyeupe, bati la buluu, kibao na kufuli. Siku ya uzinduzi palikuwa na ngoma na hotuba, utepe ukakatwa, mlango ukafungwa, na muuguzi aliyeahidiwa hakufika. Kwa hiyo kila mwanamke aliyeshikwa na uchungu alipandishwa kwenye pikipiki ya Yotham kwenda kituo cha afya cha Haneti. Restuta, jirani yao, hakufika. Alijifungulia njiani, kando ya korongo, na mtoto wake hakulia. Yotham ndiye aliyekuwa ameshika usukani.

Tangu siku hiyo Devota alikuwa na ombi moja.

"Sitaki kanga mpya," alisema. "Wala sitaki supu ya kuku. Nataka usukani utulie."

Yotham alianza na yale yanayojulikana. Alipunguza upepo tairini. Alikaza spoku na bolti zinazoshikilia injini. Alizungushia vishikio vipande vya tyubu, akavaa glavu za wajenzi. Mtetemo wa injini ukapungua, ule wa barabara ukabaki. Ndipo akaenda kwa Abbasi, fundi wa pikipiki pale Haneti.

"Mbukwa, fundi."

"Mbukwa. Simama hapo hapo ulipo. Ukigusa meza, nati zangu zote chini."

Yotham akasimama. Abbasi alichukua spana, akagonga usukani, akainamisha kichwa kusikiliza.

"Bomba tupu hili. Si mnasema wenyewe debe tupu haliachi kutika? Lijaze."

"Nilijaze nini?"

"Mchanga wa korongoni. Mkavu, uliochekechwa. Jaza mpaka ukigonga bomba lisikujibu, kisha ziba ncha zote mbili kwa soli ya ndala."

"Si utakuwa mzito?"

"Na mkeo sasa hivi si mzito? Umemwacha?"

Yotham akacheka, akajisahau, akaegemea meza. Nati zikamwagika. Abbasi alipiga magoti, akaanza kuziokota.

"Nilisema nini mimi?" aliiuliza nati ya kwanza.

Mchanga aliuchota korongoni, chini kidogo ya pale wanawake wanapochimba maji wakati wa kiangazi. Aliuanika juani, kisha akauchekecha.

"Hilo ni chekeche langu la unga!" Devota alipiga kelele.

"Kwani mtoto unamtaka atikisike?"

Devota akamshikia chekeche upande wa pili.

Safari ya kwanza alikwenda Haneti na kurudi, na mikono yake ikawa mikono tu. Alishika kikombe cha chai kilichojaa mpaka ukingoni na uso wa chai haukusogea. Aliweka kiganja juu ya tumbo la Devota. Mtoto akapiga teke kwa sababu zake mwenyewe.

Baada ya siku kadhaa usukani ulianza kunguruma kwa ndani. Mchanga ulikuwa umeshiba. Abbasi alimweleza kuwa mtetemo haufi, huhama tu, na kwamba dawa ni kuumwaga mchanga ule na kutia mwingine.

Yotham aliumwaga uani kwake. Ukiwa chini, mchanga uliendelea kutetemeka, ukajipanga wenyewe kwa makunjo kama ya barabara. Kuku wakayaacha mayai. Ugali ukakataa kushikana. Akauzoa kwa koleo, akaumwaga pembeni mwa shamba la Restuta, na asubuhi uwele ulikuwa umepukutika wote kabla ndege hawajaamka. Restuta alikuja na suke tupu mkononi.

"Yotham, baba, mtetemo wako nimeshaubeba mara moja. Usiniletee tena."

Yotham alimwomba radhi, akauzoa punje kwa punje. Alitafuta mahali pasipo na kitu cha kuvurugwa, pasipo na mtu wala mfugo wala mmea. Pale Chisegu palikuwa na mahali pamoja tu pa namna hiyo, mlangoni pa zahanati. Ikawa ndipo anapoumwaga.

Zahanati ikaanza kutetemeka. Vioo vikavuma. Kufuli likagonga mchana na usiku. Kitanda cha kujifungulia, ambacho kilikuwa bado ndani ya nailoni yake, kilisafiri kidogo kidogo kutoka ukutani hadi mlangoni, kikaanza kubisha hodi. Wapita njia waliitikia "karibu", kwa kuwa ndivyo walivyolelewa, kisha wakaendelea na safari zao.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Joshua, alipiga simu halmashauri, mjini. Wageni wakaja kwa gari jeupe. Mkubwa wao alitega sikio mlangoni, akasikiliza kwa makini.

"Ni kweli," alisema. "Kuna usumbufu."

"Shikamoo, baba," alisema Devota, aliyekuwa amefika na kigoda chake kwa sababu hakuweza tena kusimama muda mrefu. "Hicho ni kitanda. Kinabisha. Kwa nini msikifungulie?"

"Marahaba, mama. Kufungua kuna taratibu zake. Sisi tumetumwa kwa ajili ya kelele."

"Na ufunguo?"

"Ufunguo haukuwa sehemu ya safari."

"Ungekuwa umebeba tumbo hili," Devota alimwambia, "ufunguo ungekuwa sehemu ya safari."

Watu walicheka. Mgeni naye alicheka, kwa adabu, kisha akamwita dereva wake. Dereva alikata tyubu kuukuu vipande virefu, akalizungushia kufuli, akaweka sponji kati ya mlango na fremu, akakandika vioo kwa mpira. Aliifanya kazi yake vizuri. Yotham alitazama mwanzo hadi mwisho na hakuona kosa.

Kelele zikakoma. Wageni wakaagwa kwa shukrani na gunia la karanga. Kitanda kiliendelea kubisha, lakini ili kujua hilo ilibidi mtu aweke kiganja ukutani, na watu walikuwa na mashamba.

Uchungu ulimshika Devota asubuhi, umande bado upo. Yotham alitia mchanga mpya, akagonga bomba, bomba halikujibu. Walipanda watatu: Yotham mbele, Devota katikati, na Restuta nyuma akimkumbatia. Hakuna aliyemwomba Restuta. Alikuja tu, amejifunga kanga mbili, akapanda.

Barabara ilikuwa vile vile, lakini pikipiki ilipita juu ya makunjo kama kiganja kinavyopita juu ya nguo. Walipofika korongoni Restuta alifumba macho.

"Tumepita?" aliuliza.

"Bado," alisema Yotham.

"Sasa?"

"Sasa tumepita."

Restuta akafumbua macho, akajipangusa uso kwa ncha ya kanga, akasema vumbi la huku limezidi.

Mtoto alizaliwa Haneti kabla ya saa sita mchana, juu ya kitanda kilichotulia. Alikuwa wa kike, na alilia kwa nguvu mpaka wagonjwa wa chumba cha pili wakampongeza. Restuta alimpokea kwanza. Alimshika kwa muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akamweka mikononi mwa Yotham.

Yotham aliiangalia mikono yake. Haikutetemeka. Akamfunua mtoto uso, akainama, akasema kwa sauti ili mama yake naye asikie:

"Mwanangu, siku yako ya kujifungua ikifika, nitakuleta hapa Haneti mimi mwenyewe, polepole, wala hutatikisika."