Hippolyte Wanne, Faili Moja

Jumanne asubuhi Hippolyte alikuwa wa arobaini na tatu kwenye foleni ya ofisi ya wakimbizi, ameshika bahasha yenye kurasa kumi na moja alizoandika kuhusu kaka yake aliyeuawa kwao Uvira. Ghala la Mobeni alikofanyia kazi lilimpa hadi Ijumaa alete kibali kipya.

Karani aliitazama kompyuta. Bahasha hakuifungua.

"Baba, hapa wewe ni marehemu. Wewe ni jitu, uliuawa vitani na miungu ya Wayunani."

"Mama, huyo si mimi."

"Kuna mwingine, amechinjwa na bibi harusi usiku wa harusi. Wa tatu ni mfalme, aliusalimisha mji wake. Wote Hippolyte. Kompyuta imewaweka faili moja, na faili moja ni kibali kimoja. Mje wote Ijumaa."

Wale watatu walifika jioni ile nyumbani kwa Hippolyte, Greyville. Lifti ilikuwa mbovu, wakapanda ngazi hadi ghorofa ya sita. Jitu liliinama mlangoni. Bwana harusi alikuwa amefunga kitambaa shingoni. Antoinette, mke wa Hippolyte, aliongeza unga kwenye sufuria ya fufu, huku binti yao Lyse akilikodolea jitu macho.

"Papa Lyse, hawa watalala wapi?"

"Chini. Watoto wa watu, tutafanyaje?"

Wakati wa kula, bwana harusi alieleza kwamba vitabuni ametajwa mara moja tu, katika orodha ya ndugu waliouawa pamoja.

"Hakuna aliyeuliza kama nilimpenda bibi harusi," alisema.

Hippolyte alitaka kuwasomea kuhusu kaka yake. Walisikiliza kurasa zote kumi na moja. Jitu lililia. Ndio watu wa kwanza kuzisikia.

Ijumaa karani aliwachukua alama za vidole. Za Hippolyte hazikusomeka; miaka tisa ya maboksi na dawa za kusafishia ilikuwa imezifuta. Vidole vya jitu havikuenea kwenye kioo. Vya bwana harusi vilikuwa baridi mno. Vya mfalme vilisomeka mara moja.

"Eish, pole baba," karani alisema, akampa mfalme kibali kile kimoja.

Jumatatu mfalme alivaa viatu vya kazi vya Hippolyte, akapanda taxi ya Mobeni. Msimamizi alisema, "Hippolyte, umerudi," akamkabidhi toroli.

Nyumbani Antoinette alimwambia mumewe asitoke, polisi iko pale kwa robot, kwenye taa za barabarani, wanauliza karatasi. Hippolyte akaitikia, akaanza kuosha vyombo vya watu sita.